Mbilikimo Aliyekatazwa Uchawi

Sentensi yenyewe niliiandika mimi, kwa kalamu ya bluu, kwenye ukurasa wa thelathini na mbili wa daftari la hesabu: "Uchawi wa mbilikimo umekosea njia. Umempiga keateka wa kisima. Amekufa papo hapo." Niliiandika Jumapili alasiri. Jumanne asubuhi keateka wa ploti yetu, msimamizi wa jengo tulilopanga, alianguka kando ya mfereji, ufunguo wa maji ukiwa mkononi na mdomo ukiwa umevutwa upande mmoja.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana siku zile hakuna aliyeeleza kitu kwa mpangilio, nikiwemo mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikaa Huruma, mwendo wa dakika chache kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko, katika jengo la ghorofa tatu lenye ua mmoja na mfereji mmoja, bomba la maji la wapangaji wote. Mfereji ulifungiwa ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli. Keateka alifungua alfajiri, akafungua tena saa kumi alasiri, na nyakati zote mbili alisimama pale mpaka ndoo ya mwisho ijae. Alikuwa mkali. Aliweza kumrudisha mtu mwisho wa foleni kwa sababu ya kukohoa vibaya. Lakini hakuna mwanamke mjamzito aliyepandisha ndoo yake mwenyewe ngazini yeye akiwepo, na kwa hilo mama yangu alimheshimu kuliko alivyomheshimu mchungaji wetu.

Chumba kilichokuwa karibu zaidi na mfereji kilikuwa cha kijana mmoja ambaye tulimwita tu mtu wa karatasi. Alikuwa amesomea upimaji wa ardhi. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kuchambua karatasi taka katika godauni moja kule Eneo la Viwanda: nyeupe upande huu, magazeti upande ule, za kahawia pembeni. Kilichomvutia alikitia ndani ya shati akakileta nyumbani. Aliishi peke yake, hakuwa na kanisa, na kila jioni alionekana akiingia na karatasi ambazo hakuna aliyejua ni za nini. Niliyajua hayo kwa muda mrefu bila kufikiria jinsi yanavyoonekana na mtu mwingine.

Kitabu kilifika kwa njia hiyo. Hakikuwa na jalada, na maji yalikuwa yamekula kurasa za mwisho. Kilikuwa cha Kiingereza, kimejaa picha za watu wenye panga na wanyama wasiokuwepo, na kilieleza kanuni za mchezo. Mchezo wenyewe hauna ubao wala timu. Mtu mmoja husimulia: mmefika kwenye lango la mji, mlinzi amesinzia, mnafanya nini? Wengine, kila mmoja akiwa amejibunia mtu wake, husema mtu huyo anafanya nini. Pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana, dadu ndiyo huamua.

Tulikuwa wanne. Mtu wa karatasi alisimulia. Kaka yangu, aliyekuwa akijifunza kuchomelea vyuma Kariobangi, alicheza. Alicheza pia fundi wa nguo aliyekaa mlango unaofuata, mwanamke aliyekuwa amenizidi kwa miaka sita hivi, asiye na mume. Wa nne nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, mwisho wa sekondari, na nasubiri matokeo, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuandika. Niliandika tarehe, nani kasema nini, nani kajeruhiwa. Kila ukurasa niliupa namba juu, kwenye kona ya kulia.

Kitabu kilitaka dadu za ajabu, zenye pande nne, nane, hata ishirini. Sisi tulikuwa na dadu moja ya ludo. Kaka yangu ndiye aliyekumbuka mifupa. Kwenye kiungo cha mguu wa nyuma wa mbuzi kuna kifupa kidogo ambacho ukikirusha hutua kwa mikao minne, na huko Kiamaiko kila siku vilitupwa kwa karai. Alileta mfuko mzima. Fundi wa nguo akavichemsha kwa magadi mpaka vikawa vyeupe, nami nikavitia alama kwa wino: doa moja, madoa mawili, matatu, manne. Kwa namba kubwa nilikata vikaratasi ishirini nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Nimejiuliza mara nyingi. Sote wanne tulikulia kwenye nyumba za ibada. Sote tulijua nani hurusha mifupa yenye alama na huirusha kwa nini. Miaka ile redio na mimbari zilijaa habari za waabudu shetani. Shuleni kwetu tulikaguliwa pete na mikufu. Na bado tulikaa kuzunguka kreti ya soda, Jumapili baada ya Jumapili, tukirusha mifupa ya mbuzi mchana kweupe karibu na foleni ya maji, pazia likiwa nusu wazi kwa sababu ya joto. Kwetu ilikuwa dadu. Hakuna hata mmoja aliyeiona tena kuwa mifupa.

Sasa, kitabu kilisema kila mtu wa kubuni ana asili na ana kazi. Mwanzoni tulitafsiri asili kuwa kabila, tukaliacha neno hilo siku hiyo hiyo. Katika miaka ile, watu wakichomewa nyumba kwa ajili yake, halikufaa kuchezewa. Palikuwa na jedwali refu linaloonyesha asili gani inaruhusiwa kazi gani. Binadamu aliruhusiwa zote. Zimwi alipigana tu. Jitu vilevile. Mbilikimo aliweza kuwa mpiganaji, mwizi au kasisi, lakini kwenye safu ya uchawi aliwekewa mstari mweusi. Maelezo yalisema mwili wa mbilikimo unakataa uchawi, kama jiwe linavyokataa maji.

"Mimi nataka kasisi," kaka yangu alisema siku ya kwanza.

"Asili gani?"

"Zimwi."

"Haiwezekani, buda. Soma hapa."

"Na zimwi likiokoka?"

Fundi wa nguo alicheka mpaka akaweka sindano chini. Yeye akataka jitu mwizi. Mimi, kwa ubishi tu, nikaweka kidole kwenye ule mstari mweusi nikasema nataka mbilikimo mchawi.

Mtu wa karatasi alitazama jedwali kwa muda. Kisha akasema, "Kwani hapa ploti nani anafanya kazi ya asili yake? Mwalimu wa juu anauza makaa. Mimi nilisomea kupima mashamba. Hii jedwali iliandikwa na mtu hajawahi kutafuta kazi." Akachukua kalamu yangu akalikata jedwali lote kwa mshazari.

Lakini alikuwa mtu wa haki, na hakutaka watu wetu wasilipie upungufu wao. Zimwi kasisi alipoinua mikono kubariki, wanaobarikiwa walikimbia. Jitu mwizi alikuwa na shida ya wazi.

"Najificha," fundi wa nguo alisema.

"Wapi, sistee?"

"Nyuma ya pazia."

"Pazia inakufika magotini."

"Basi nainama."

"Sasa wanaona mgongo."

Kwa mbilikimo wangu aliweka kanuni ya peke yake. Kila akifanya uchawi, nirushe mfupa mmoja kwanza. Ukitua doa moja, mwili wake umeukataa uchawi, na uchawi ukishatoka hauwezi kurudi. Utampiga mtu mwingine aliye karibu, yeyote. Niliona ni kanuni nzuri. Iliufanya mkono wangu utoke jasho kila nilipoushika ule mfupa, na hofu ya namna ile, hofu ya kujitakia, ilikuwa tamu sana.

Jumapili ninayoisema tulikuwa tumefika kwenye mji wenye kisima kimoja. Mtu wa karatasi alipokosa watu wa kujaza mji, aliwachukua wa ploti. Muuza makaa akawa malkia. Mlinzi wa kisima akawa keateka, kwa sauti yake, kwa kukohoa kwake, kwa "rudi nyuma wewe mpangaji," na tulicheka kwa sababu keateka mwenyewe alikuwa nje hatua tano akisema maneno yaleyale. Adui alikuja kisimani. Mbilikimo wangu akainua fimbo. Nikarusha mfupa.

Doa moja.

"Aliye karibu ni nani?" niliuliza.

"Keateka," mtu wa karatasi alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Yuko katikati yenu."

Nikaandika sentensi ile.

Jumanne keateka alianguka. Niliona kwa macho yangu, nikiwa wa nne kwenye foleni. Alikuwa ameshafunga kisanduku kwa sababu mtu fulani alisukuma ndoo yake mbele, akageuka kumkaripia, na neno halikutoka. Mguu wa kushoto ulikunjika kwanza. Mkewe alikuja mbio, akautoa ufunguo kwenye ngumi yake kidole kimoja kimoja, akautia kifuani, na wakampakia kwenye pikapu ya mbuzi kumpeleka hospitali. Ufunguo ukaenda naye.

Nilipanda ngazi nikaketi kitandani. Sikuamini kwamba nimemuua mtu. Nataka hili lieleweke. Lakini sikuweza pia kusema kwamba siamini. Nilifungua daftari nikaisoma sentensi, nikalifunga, nikalifungua tena.

Jumanne alasiri hapakuwa na maji. Jumatano asubuhi hapakuwa na maji. Kijana mmoja alileta nyundo avunje kufuli, wanawake wakamzuia. Hakuna aliyetaka kugusa chuma kile ambacho keateka alikuwa amekigusa mwisho. Wakaanza kuchota ploti za mbali na kurudi na mitungi kichwani, na kila aliyerudi alisimama uani kupumua, na aliyesimama alizungumza. Kufikia Jumatano saa nane ua ulikuwa umejaa watu wenye ndoo tupu.

Nilikuwa kwenye ngazi nilipomsikia muuza viatu vya mitumba, jirani wa ghorofa ya pili.

"Mimi niliona na macho yangu. Jumapili nikiwa kwa foleni. Wanarusha mifupa."

"Nani na nani?"

"Yule wa karatasi. Wengine sikuona, pazia ilifunika. Lakini nilisikia wakisema keateka. Jina lake linatajwa, mfupa unarushwa."

"Haki ya Mungu?"

"Mama, nilisikia. Halafu wakacheka."

Kisha mtu akauliza mtu wa karatasi hurudi saa ngapi, na mwingine akajibu kwamba hurudi saa kumi na moja.

Nilijua maana ya swali lile. Mtu yeyote aliyeishi upande wetu wa mji alijua. Nilikuwa nimeshaona, mwaka uliopita, karibu na jaa, kile kilichobaki baada ya watu kumngoja mtu pamoja. Ilikuwa alama nyeusi barabarani yenye nyaya za tairi ndani yake, na watoto walikuwa wakiiruka kwenda shule.

Nilikwenda kwa fundi wa nguo. Alikuwa ndani, mlango umefungwa, cherehani kimya.

"Twende tuwaambie ni mchezo," nilisema.

"Nyamaza."

"Watamuua."

"Ukisema wewe, umenitaja na mimi. Wewe uko na mama na baba hapa. Mimi nikifukuzwa naenda wapi?" Alinishika mikono. "Hiyo daftari yako. Choma."

Basi nilifanya hivyo, au nusu yake. Nilirudi kwetu, mama alikuwa uani, baba yuko zamu kiwandani, kaka yangu bado Kariobangi. Nililichana jani moja, lenye ukurasa wa thelathini na moja upande huu na thelathini na mbili upande wa pili, nikaliweka juu ya makaa ya jiko. Lilijikunja, na kwa muda mfupi maandishi yangu yalionekana wazi kuliko yalivyokuwa kwenye daftari. Nililikoroga jivu kwa kijiko. Nilifikiri nimeondoa hatari. Nilichoondoa, nilipofikiria baadaye, kilikuwa hatari yangu mimi peke yangu.

Kisha nikaenda kumngoja mtu wa karatasi barabarani. Alikuwa na njia mbili za kurudi: kufuata Juja Road mpaka mwisho, au kukata kupitia Mathare, ambako alikuwa na mwanamke wa chapati aliyemzoea. Nilisimama Juja Road nikitazama kila uso. Nilijiambia nikimwona nitamwambia maneno matatu tu: usirudi, wanakungoja, kimbia. Niliyarudia mpaka yakakosa maana. Saa kumi na moja ikapita. Nilipoanza kusikia kelele kutoka nyuma yangu, upande wa nyumbani, nilielewa kwamba alikuwa na hamu ya chapati.

Nilifika langoni nikiwa sina pumzi. Walikuwa wamemsukuma ukutani, kando ya mlango wake uliovunjwa. Ile chapati ilikuwa bado mkononi mwake, kwenye gazeti. Mifupa ilikuwa imemwagwa juu ya sakafu ya saruji, na watu walikuwa wameizunguka kwa mbali, kama mtu anavyokaa mbali na maji yanayochemka.

"Hizi mifupa ni za nini, kijana?" Muuza viatu ndiye aliyeuliza.

"Za mbuzi, mzee. Ni za mchezo."

"Mchezo gani wa mifupa?"

"Kama ludo. Tulikosa dadu."

"Tulikosa, wewe na nani?"

Hapo akaitazama mifupa. Kitabu kilikuwa kwenye mkono wa mwanamke mmoja, kimefunguka kwenye picha ya mnyama mwenye pembe, na kilipita mkono hadi mkono huku kila mmoja akivuta pumzi.

"Iko daftari," mtu wa karatasi alisema. "Kila kitu kimeandikwa kwa daftari. Mkisoma mtaona ni hadithi."

"Iko wapi?"

Aliinua macho kutafuta, akaniona langoni. Tulitazamana. Hapakuwa na umbali wa kutosha pale wa kusema labda hakuniona. Midomo yake ilifunguka kidogo. Kisha akatazama chini kwenye chapati yake.

"Sijui," alisema.

Ningeweza kusema wakati ule. Nimeupima muda ule mara nyingi, na nadhani ulikuwa mrefu kama mtu anavyojaza kikombe cha maji. Mama yangu alikuwa ameshanifikia, akanishika mkono juu ya kiwiko kwa nguvu, akasema kwa lugha ya kwetu ninyamaze. Nikanyamaza. Jiwe lilitoka nyuma, sikuona kwa nani, likampata juu ya sikio. Lilitoa sauti ndogo, kama mlango wa kabati. Alikaa chini. Damu ilishuka ndani ya kola, na mtu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kuomba chumvi, akasema leteni mafuta ya taa.

"Daftari ninalo mimi," nilisema.

Hawakusikia. Nilisema tena, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Watu wakageuka. Mama akauachia mkono wangu, pole pole.

Nililileta. Mwalimu aliyeuza makaa, mwanamke mzee ambaye watu walimwogopa kidogo kwa sababu ya Kiingereza chake, akasema nisome kwa sauti. Nikasoma. Nilisoma zimwi kasisi alivyobariki harusi na bwana harusi akaruka dirishani. Nilisoma jitu mwizi alivyojificha nyuma ya pazia. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Nilianza kusikia miguu ikisogea, migongo ikilegea. Niligeuza ukurasa.

"Ngoja," mwalimu alisema. Alikuwa amesimama karibu na bega langu. "Thelathini. Halafu thelathini na tatu. Jani moja limetoka."

Hakuna mtu duniani ambaye angejua, kama nisingekuwa mtu wa kuandika namba kwenye kila kona.

"Nimelichoma," nilisema.

"Lini?"

"Leo."

"Liliandikwa nini?"

Nilimtazama mtu wa karatasi. Alikuwa ameshika sikio lake na damu ikipita kati ya vidole, na alitikisa kichwa, kidogo sana, akinikataza. Nikaisema sentensi yote kama nilivyoiandika, mpaka amekufa papo hapo.

Muuza viatu alirudi nyuma hatua moja. "Na huyo mbilikimo ni nani?"

"Ni wangu. Mimi ndiye niliyerusha mfupa."

"Wewe? Wewe wa kwaya?"

Walinijua tangu nikiwa mgongoni. Wanawake watatu kati ya wale walikuwa wamenibeba wakati mama akiwa sokoni. Niliona nyuso zao zikijaribu kuniweka mahali pale walipokuwa wamemweka yeye, na zikishindwa. Hilo ndilo lililomwokoa kwa dakika ile: kwamba mimi nilikuwa wa kwao na yeye hakuwa wa mtu. Lakini dakika yenyewe ilikuwa nyembamba. Kijana mmoja alikuwa tayari ameleta chupa.

Mke wa keateka aliingia hapo. Alikuwa anatoka hospitali, amevaa viatu tofauti miguuni, na walimweleza wote kwa pamoja. Aliwasikiliza bila kuweka kikapu chini. Kisha alinijia.

"Ulimtakia afe?"

"Hapana, mama. Nilikuwa namlenga mwingine, ule uchawi ndio—"

"Sijauliza hiyo. Mume wangu. Ulimtakia afe?"

"Hapana."

Alinitazama muda mrefu. Sijui alipata nini usoni pangu. Akawageukia wengine. "Daktari amesema ni presha. Dawa aliacha tangu Pasaka. Anasema inamkojoza, na hawezi kuacha foleni yenu aende choo." Alivuta pumzi. "Kama ni hiyo tu, sijui. Mimi si daktari. Lakini mtu akichomwa kwa hii ua, polisi watauliza keateka. Na keateka leo ni mimi."

Akautoa ufunguo kifuani, akapita katikati yao, akafungua kisanduku. Maji yalikohoa, yakatoka na kutu, kisha yakawa safi.

Walikuwa wamekaa siku mbili bila maji. Kwanza aliinama mwanamke mmoja akaokota ndoo yake. Kisha wakaenda wote, wakisukumana, wakigombana nani alikuwa nyuma ya nani, na yule kijana wa chupa akaiweka chupa chini ya ngazi akaenda kushika nafasi ya mama yake. Muuza viatu alikuwa wa tano. Mtu wa karatasi alibaki amekaa palepale, na kati yake na foleni palikuwa na hatua tatu, na mifupa.

"Kesho asubuhi usiwe hapa," mke wa keateka alimwambia bila kugeuka.

"Asante, mama," alisema.

Aliondoka alfajiri, kaka yangu akimsaidia godoro. Nilitazama kutoka dirishani kwa sababu mama alikuwa amefunga mlango na kukaa mbele yake. Watu walikuwa wameshapanga foleni. Walimpisha, wakiwavuta watoto wao nyuma ili godoro lisiwaguse. Kichwa alikuwa amekifunga kwa kitambaa chenye maua ambacho nilikifahamu. Ni masalio ya gauni la fundi wa nguo, kwa hiyo alikuwa ameufungua mlango wake wakati fulani. Hakutazama juu. Kaka yangu alimwacha Juja Road, na alisema kwamba upande ule wa sikio hakuwa akisikia akiitwa. Hatukupata habari zake tena.

Keateka alirudi baada ya wiki kadhaa, mkono mmoja ukining'inia. Mkewe ndiye aliyefungua maji sasa, na yeye aliwekewa kigoda kando ya kisanduku akaripie kadiri alivyoweza. Kila nilipofika mbele ya foleni alikuwa akiinuka, akishikilia ukuta, akiingia ndani mpaka nimalize kuchota. Hakuwahi kuniambia neno. Nilianza kwenda kuchota wa mwisho, ili ainuke mara moja tu na asirudi tena nje.

Kile chumba cha karibu na mfereji kilikaa bila mpangaji muda mrefu. Walioingia mwishowe walikuwa wageni wa mji, mume na mke kijana waliotoka magharibi kama sisi, na mke akafurahi sana kusikia lugha ya kwetu. Siku moja alinisimamisha ngazini, mtoto mgongoni. Aliniuliza, kwa upole, kwa nini wanawake wa hapa hawakubali kuingia kwake hata kwa chai, na kwa nini watoto wakipita mlangoni pake wanakimbia.

Nilimwambia sijui, nikapanda na ndoo yangu.